Namna ya Kuisoma Jamii Ndani ya Kazi ya Fasihi, Sentensi kwa Sentensi

"Fasihi ni kioo cha jamii." Maneno hayo yameandikwa katika madaftari mengi kiasi kwamba hayamwambii tena mtu kitu. Anayeanza insha kwa maneno hayo mara nyingi ameshaamua jibu: jamii ina matabaka, jamii ina mfumo dume, jamii imeoza kwa rushwa. Kisha hupekua kurasa akitafuta tukio la kupachika chini ya jibu lake. Uhakiki wenye manufaa huenda kinyume. Huanza na yaliyo kwenye ukurasa: nani ametajwa, nani ametenda, nani ameachiwa nafasi ya kusema. Jamii hujitokeza humo yenyewe, na mara nyingine si ile uliyoitarajia.

Unahitaji riwaya, tamthilia au hadithi fupi moja, penseli, karatasi tatu au nne, na kama saa tatu baada ya kuisoma kazi nzima mara moja. Usomaji huo wa kwanza uwe wa raha tu. Anayehesabu vitenzi kabla ya kujua hadithi inaishia wapi hajui anachohesabu.

Vipande vitatu na swali dogo

Chagua vipande vitatu, kila kimoja cha maneno 300 hadi 400. Cha kwanza kiwe cha ugomvi, cha pili cha watu kukutana au kupokeana, cha tatu cha uamuzi unaotolewa: kikao, posa, hukumu, kufukuzwa kazi. Ugomvi huonyesha nani anathubutu kumwambia nani nini. Kupokeana huonyesha ngazi za heshima. Uamuzi huonyesha nguvu inakaa kwa nani. Ukurasa wa kwanza na wa mwisho uache, kwa kuwa hapo mwandishi yuko macho kuliko mahali pengine popote na kila neno amelipima. Mazoea yake, na ya watu anaowaandika, humponyoka zaidi katikati, hadithi inapokuwa imemshika.

Swali lako liwe dogo. "Nafasi ya mwanamke" si swali, ni kichwa cha sura. Swali ni kama hili: katika vikao vitatu vya riwaya hii, ni nani anayeuliza na ni nani anayejibu tu? Swali la namna hiyo lina jibu linaloweza kuonyeshwa kwa kidole, na linaweza kukukatalia. Swali ambalo haliwezi kukukatalia halikufundishi chochote.

Juu ya karatasi andika miaka mitatu: wa matukio, wa kuchapishwa, na wa wewe kusoma. Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein inahusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, lakini ilichapishwa 1969, Tanganyika ikiwa imeshapata uhuru. Anayeitumia kama ushahidi wa mwaka 1905 peke yake amekiacha nusu ya kitabu, kwa sababu maswali ya umoja na uongozi yaliyomo yaliwagusa pia wasomaji wa miaka ya sitini. Pengine mwaka wa kuandikwa hujifichua kwa kosa dogo. Katika Julius Caesar ya Shakespeare saa inagonga mjini Roma, mwaka 44 kabla ya Kristo, karne nyingi kabla saa za kugonga hazijabuniwa. Saa ile ni ya Uingereza ya Shakespeare. Makosa kama hayo huwa pia ya mawazo: mhusika wa zama za kale anayedai haki yake kwa msamiati wa juzi anakuonyesha mwandishi anaishi lini.

Kipande cha kufanyia mazoezi

Hatua zinazofuata zitaonekana vizuri zaidi kwa mfano mfupi, uliotungwa kwa ajili ya mwongozo huu:

(1) Mzee Rajabu aliegemeza fimbo yake mlangoni. (2) "Chakula kimechelewa," alisema. (3) Msichana wa kazi aliinama, akaeleza kwamba maji yalikuwa yamekatika tangu asubuhi. (4) "Sikukuuliza habari za maji." (5) Jikoni sahani ilivunjika. (6) Jioni ile msichana alirudishwa kwao.

Hakuna anayetukanwa wala kupigwa, na hakuna sentensi inayosema kwamba msichana anadharauliwa. Hata hivyo msomaji anaondoka akijua.

Watu wanaitwaje

Chora jedwali: wahusika kwa safu, wahusika kwa mstari, na katika kila kisanduku andika jinsi huyu anavyomwita yule. Ongeza safu moja ya msimulizi. Katika mfano wetu msimulizi anampa mzee cheo na jina, ilhali msichana anapewa kazi yake tu. Yeye mwenyewe hamwiti mtu yeyote kwa lolote. Kisanduku kitupu nacho ni jibu, kwa hiyo usikiruke.

Mwaka 1960 watafiti Roger Brown na Albert Gilman walionyesha kwamba katika lugha kama Kifaransa, chaguo kati ya "tu" (wewe la kawaida) na "vous" (wewe la heshima) huongozwa na mambo mawili: nguvu na ukaribu. Watu walio sawa huitana kwa namna moja. Wasio sawa huitana kwa namna mbili tofauti. Kiswahili hakibebeshi viwakilishi vyake mzigo huo. Kazi hiyo hufanywa na majina ya ukoo, vyeo, majina ya utani na "wewe" linalotupwa usoni. Kipimo lakini ni kilekile. Jiulize kama A anaweza kumwita B vile B anavyomwita A. Akishindwa, umeipata ngazi.

Mwito wenyewe husema kitu, lakini mwito unapobadilika husema zaidi. Mke aliyemwita mumewe "baba fulani" kwa sura kumi, kisha katika sura ya kumi na moja akamwita kwa jina lake, amefanya tendo kubwa kuliko kurusha kikombe. Weka alama kila mahali mwito unapobadilika, kisha rudi kurasa mbili nyuma kutafuta kilichotokea. Mara nyingi utakuta tukio dogo ambalo usomaji wa kwanza uliliruka.

Katika Kiswahili angalia pia ngeli. Mtu akihamishwa kutoka "yule mtoto analia" hadi "kile kitoto kinalia" amepunguzwa, kwa huba au kwa dharau, na muktadha ndio utakaoamua ni ipi. "Lile jitu" humkuza mtu na kumtoa utu kwa pamoja. Usikimbilie umbo la nomino peke yake: kijana, kiongozi na kipofu huanza kwa ki- lakini katika Kiswahili sanifu huchukua upatanisho wa watu. Kinachopimwa ni upatanisho wa kitenzi na kivumishi.

Nani anatenda

Hapa ndipo Kiswahili kinapomsaidia mhakiki kuliko lugha nyingi, kwa sababu vitenzi vyetu vinabeba uhusiano wa watendaji ndani yake. Pigia mstari kila kitenzi katika kipande chako, kisha uvigawe: vyenye mtu anayetenda, na visivyo na mtu. Katika mfano vitenzi ni tisa. Vitano vina mtu: aliegemeza, alisema, aliinama, akaeleza, sikukuuliza. Vinne havina: kimechelewa, yamekatika, ilivunjika, alirudishwa.

Vinne hivyo haviko sawa. "Kimechelewa" kinakifanya chakula kuwa mkosaji, lakini kila mmoja nyumbani mle anajua ni nani anayelaumiwa. "Alirudishwa" ni kauli ya kutendwa isiyo na "na fulani" mbele yake, aliyemrudisha amefutwa. "Ilivunjika" na "yamekatika" ni kauli ya kutendeka, ambayo haina hata nafasi ya kumtaja mtendaji. Hapo weka jaribio: je, msemaji angeweza kumjua mtendaji? Msichana hana namna ya kujua nani amekata maji, kwa hiyo "yamekatika" ni maelezo ya kawaida. Msimulizi aliyeona fimbo ikiegemezwa mlangoni na kusikia kila neno bila shaka anajua nani amemrudisha msichana kwao. Akiwa anajua na hasemi, umepata kitu cha kuandika. Akiwa hajui, labda kwa kuwa ni mtoto anayesimulia, umepata upeo wa mtoto, si siri ya jamii.

Wengi hukosea hapa kwa kuhesabu kauli zote za kutendwa na kutangaza kwamba mwandishi "anaficha wahusika wa dhuluma". "Nyumba ilijengwa kwa mawe" haifichi mtu. Hesabu zile tu ambazo ndani yake kuna anayeumia.

Kauli ya kutendana ni ya kuangaliwa kwa jicho kali zaidi. "Walipigana" hugawa lawama nusu kwa nusu. Rudi kwenye tukio lenyewe: kama mmoja alipiga na mwingine akajikinga, neno hilo limehukumu kesi kabla ya msomaji. Halikadhalika kuoa na kuolewa: sarufi ya kawaida humpa mwanamume kutenda na mwanamke kutendwa. Mwandishi anayeandika "wakaoana", au anayethubutu kumfanya mwanamke kuwa mtendaji wa "kuoa", anajua amevunja zoea, na wahusika wanaomzunguka watakuonyesha adhabu yake au kicheko chake.

Zamu za maneno

Kwa kila mazungumzo andika: nani anaanza, nani anauliza, nani anabadilisha mada, nani anakatizwa, na nani anaachwa bila kujibiwa. Watafiti wa mazungumzo Harvey Sacks, Emanuel Schegloff na Gail Jefferson walieleza mwaka 1974 kwamba mazungumzo ya kawaida yana utaratibu wa zamu ambao wazungumzaji huufuata bila kufundishwa. Kuuvunja kunaonekana mara moja, na ndiyo sababu waandishi huupenda.

Sentensi ya 4 ya mfano ni zamu ya namna hiyo. Mzee hakanushi kwamba maji yamekatika. Anakataa maji yasiwe mada. Mwenye nguvu katika mazungumzo si lazima awe anayesema sana. Mara nyingi ni anayeamua linalozungumzwa. Na tazama aina ya usemi: mzee amenukuliwa mara mbili kwa usemi halisi, msichana amepewa usemi wa taarifa mara moja. Hesabu tofauti hiyo katika kitabu kizima. Ni hesabu rahisi kufanya, na huleta matokeo zaidi kuliko karibu hesabu nyingine zote.

Tahadhari moja inahitajika. Wanasosholojia Don Zimmerman na Candace West waliripoti mwaka 1975 kwamba katika mazungumzo 11 kati ya mwanamume na mwanamke waliyoyachunguza, wanaume walisababisha makatizo 46 kati ya 48. Takwimu hiyo inapendwa sana na wanafunzi, lakini uchunguzi uliofuata ulileta matokeo yanayotofautiana, na mwanaisimu Deborah Tannen ameonyesha kwamba kudakia maneno kunaweza kuwa ishara ya kumuunga mkono msemaji. Kwa hiyo andika pia kilichofuata baada ya katizo: aliyekatizwa ameendelea na mada yake, au ameiacha? Akiiacha, ni kunyang'anywa. Akiendelea kwa shauku zaidi, ni ushirika. Kumbuka vilevile kwamba mazungumzo ya kwenye kitabu si ya kinasa sauti. Mwandishi ameshaondoa vigugumizi na marudio yote, na katizo lililobaki limebakizwa kwa makusudi.

Lahaja, na nani anapewa "lafudhi"

Mwaka 1962 mwanaisimu William Labov aliingia katika maduka makubwa matatu ya New York, moja la watu wenye fedha, moja la wastani na moja la bei rahisi, akawauliza wafanyakazi mahali pa bidhaa aliyojua iko ghorofa ya nne. Kwa Kiingereza jibu hilo, "fourth floor", lina sauti ya r mara mbili, sauti ambayo wakazi wengi wa mji huo waliiacha. Alijifanya hakusikia ili warudie. R ilisikika zaidi katika duka la kifahari na kidogo kabisa katika lile la bei rahisi, na iliongezeka watu walipotakiwa kurudia kwa uangalifu. Watu hubadilisha matamshi kulingana na wanakosimama na wanavyotaka kuonekana.

Katika fasihi, swali ni nani anaandikiwa matamshi yake na nani anaachwa aseme "kawaida". Mwandishi anayemwandikia mpagazi lafudhi ya kwao na kumwandikia bosi Kiswahili sanifu tupu ametangaza kwamba bosi hana lafudhi, jambo ambalo haliwezekani kwa binadamu. Tafuta mahali ambapo mhusika mmoja anabadilisha lugha mbele ya watu wawili tofauti. Hapo ndipo mwandishi amesikiliza watu kweli. Lahaja inayoletwa kwa ajili ya kuchekesha tu huonyesha zaidi mwandishi na wasomaji aliowalenga kuliko wasemaji wake.

Methali na vicheko

Usitumie methali kama ushahidi wa imani ya jamii. "Haraka haraka haina baraka" imekaa katika lugha ileile yenye "chelewa chelewa utamkuta mwana si wako". Ukichukua moja utathibitisha chochote utakacho. Angalia matumizi: nani anaitoa, kwa nani, na wakati gani wa ugomvi. Methali ni kauli isiyo na mwenyewe, kwa hiyo humfaa anayetaka kuamuru bila kuonekana anaamuru. Mdogo akimtolea mkubwa methali, weka alama mbili.

Vicheko vipite haraka: andika nani anacheka, nani anachekwa, na nani hacheki. Huyo wa tatu ndiye wa kumfuata.

Yaliyokuwepo na yaliyotakiwa yawepo

Hapa ndipo insha nyingi huanguka. Kazi za mawaidha huonyesha mwenendo uliotakiwa, na hazithibitishi kwamba watu waliufuata. Utendi wa Mwana Kupona, aliouutunga Mwana Kupona mwenyewe 1858 kwa ajili ya binti yake, unakupa picha ya mke mwema kama alivyofikiriwa na mwanamke wa tabaka la juu. Haukupi maisha ya kila mwanamke wa pwani ya wakati ule. Kanuni ya kufanyia kazi: katazo linaporudiwa rudiwa, shuku kwamba kuna watu waliokuwa wakilivunja. Hakuna anayewakataza watu kutembea kwa mikono.

Kosa pacha ni kumchukua mhusika mmoja kuwa jamii nzima, au kumpachika mwandishi maneno ya msimulizi wake. Kinaya huwanasa wengi kwa njia hii. Ukikuta msimulizi anasifu jambo ambalo matukio yanalikanusha, usinukuu sifa hizo kama msimamo wa kitabu.

Na kama unasoma tafsiri, acha kabisa hatua za majina ya heshima, ngeli na kauli za vitenzi. Hizo ni chaguo za mfasiri. Neno letu "yeye" halionyeshi jinsia, kwa hiyo mchezo wote wa "he" na "she" wa Kiingereza hupotea ukiingia kwenye Kiswahili, na "tu" na "vous" navyo huanguka njiani. Baki na zamu za maneno, matendo na mambo yasiyosemwa.

Kuhusu hayo yasiyosemwa: kagua nani anapika, nani analipa, nani anaugua, watoto wako wapi. Riwaya ambayo hakuna anayefua nguo ina mtu anayezifua.

Kutoka nje ya kitabu

Ukiwa na matokeo, yapeleke nje. Tafuta angalau aina mbili za maandishi ya miaka ileile ambayo si fasihi: magazeti, kumbukumbu za mahakama, barua, matangazo ya kazi, sheria. Ukiona gazeti la mwaka huo nalo linawataja watumishi bila majina, hoja yako imepata mguu wa pili. Ukiona linawataja kwa majina, umegundua jambo zuri zaidi: ukimya ni wa mwandishi huyu, si wa zama zake.

Usisahau kwamba maandishi nayo husukuma jamii, na si lazima kule mwandishi alikotaka. Upton Sinclair aliandika The Jungle, iliyotoka kama kitabu 1906, ili kufichua mateso ya wafanyakazi wa machinjio ya Chicago. Wasomaji walishtushwa zaidi na uchafu wa nyama waliyokuwa wakila, na mwaka uleule Marekani ilipitisha sheria za ukaguzi wa nyama na usalama wa vyakula na dawa. Kwa hiyo kazi ikiwa maarufu, soma pia walivyoipokea watu wake.

Kuandika aya

Aya moja ibebe dai moja, namba za sentensi au kurasa, na mpaka wa dai. Kwa mfano wetu:

"Mwajiri ana jina na amenukuliwa mara mbili, mfanyakazi hana jina na maneno yake yametolewa kwa usemi wa taarifa (sentensi 1–4). Kuondolewa kwake kumetajwa bila mtendaji (sentensi 6), ingawa msimulizi ameshuhudia mambo madogo zaidi ya hilo. Msimulizi ama anasimama upande wa mwajiri, ama anaiga kwa kinaya macho ambayo nyumba ile humtazamia mfanyakazi. Kipande hiki peke yake hakitoshi kuamua kati ya hayo mawili."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayoachwa mara nyingi, na ndiyo inayokuambia uende wapi: tafuta mahali pengine kitabuni ambapo msichana anasema kwa maneno yake mwenyewe. Akipewa usemi halisi baadaye, hasa akiwa peke yake au na mwenzake, kinaya kina uzito. Asipopewa kamwe, uzito unahamia upande wa pili.

Mkiwa kikundi, watu wawili wahesabu kipande kilekile bila kuonana, kisha walinganishe karatasi. Wakipishana kwa kitenzi kimoja au viwili si neno. Wakipishana zaidi ya kimoja katika kila vitano, shida haiko kwa wahesabuji bali katika kanuni ya kuhesabu: pengine mmoja amechukua "yalikuwa yamekatika" kuwa vitenzi viwili, au amemhesabu mtu katika "chakula kimechelewa". Iandikeni kanuni upya kwa sentensi moja, na mhesabu tena kuanzia mwanzo.